Hujambo Si Swali: Dhidi ya Fomu za Kupima Huduma ya Nyumbani

Muhula uliopita, katika somo letu la tafsiri, tulipewa zoezi la kutafsiri dodoso la kurasa mbili kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Lilikuwa dodoso la kampuni inayopeleka wahudumu majumbani kutunza wazee na wagonjwa, na kichwa chake kilisema kwamba linapima ubora wa huduma. Tulibishana saa nzima. Wapo waliotaka "kuridhika", wapo waliotaka "kufurahia". Mwenzetu mmoja alisema "mteja" ni neno la dukani, mgonjwa aitwe mgonjwa. Mwishoni tulikubaliana kwamba dodoso lenyewe ni zuri, ila kazi ni kulipatia Kiswahili chake.

Mimi nilinyamaza siku hiyo. Sasa nabisha. Dodoso lile si zuri, na Kiswahili kizuri kitalizidishia ubaya, kwa sababu kitalifanya lionekane kama limezaliwa hapa kwetu. Silijui kwa kulisomea. Fomu inayofanana nalo niliitia saini kila Jumamosi kwa wiki 11, kwa niaba ya bibi yangu, na kwa wiki kadhaa za mwisho nilichotia saini kilikuwa uongo.

Bibi alipata kiharusi mwaka juzi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakabaki machache. Marehemu babu alikuwa mfanyakazi wa reli, na kwa miaka mingi waliishi katika nyumba za reli hapa Kampala, ambako fundi kutoka Kisumu, karani kutoka Tororo na mlinzi kutoka Gulu walisikilizana kwa Kiswahili. Kwa hiyo Bibi ana Kiganda cha kwao na Kiswahili cha reli, kile ambacho wahadhiri wetu wangekipigia mistari myekundu kila sentensi. Kiharusi kilimwachia vipande vya lugha zote mbili.

Aliyelipia huduma ni shangazi yangu, ambaye sisi tunamwita Ssenga. Yeye yuko Uingereza, na kazi yake kule ni hiyo hiyo: anapanda basi nyumba kwa nyumba kuwaosha, kuwavalisha na kuwalisha wazee wa watu. Kutoka katika mshahara huo aliilipa kampuni moja ya hapa shilingi laki 9 kwa mwezi ili mtu mwingine amwoshe na kumlisha mama yake. Mpango huu unachekesha ukiutazama kwa mbali. Ukiwa ndani yake hauchekeshi, na naamini si sisi peke yetu darasani tunaouishi.

Kampuni ilituletea dada mmoja aliyetoka upande wa Bunia, nchini Kongo. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Dada, naye alimwita Bibi "Mama". Asubuhi ya kwanza alimsalimu "Jambo sana, Mama," na Bibi akacheka kwa nusu ya uso inayocheka. Kiswahili cha Bunia na Kiswahili cha reli vilikutana pale bila mkalimani. Dada alikuwa mhudumu wa kulala, yaani aliishi kwetu usiku na mchana, na alipumzika Jumapili moja tu katika mwezi.

Kila Jumamosi alikuja msimamizi na faili lake. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Bibi hawezi kuisoma, Dada hawezi kuisoma, basi nikawa mimi, mwanafunzi wa chuo, nasoma, natafsiri, nauliza, naweka alama ya vema na kutia saini. Je, mhudumu hufika kwa wakati? (Anaishi humu ndani, afike kutoka wapi?) Je, ni msafi? Je, ana heshima? Je, anafuata ratiba ya chakula? Je, kuna uwekundu wowote kwenye ngozi ya mteja? Na mwisho kabisa: kwa kipimo cha 1 hadi 5, mteja ameridhika kiasi gani?

"Bibi, umeridhika?" namuuliza.

"Mzuri," anajibu.

Naandika 5.

Sisi tunaosoma lugha hii tunapaswa kuona tatizo hapa kabla ya daktari. Tazameni salamu yetu ya kwanza kabisa. "Hujambo?" Ndani ya neno hilo kuna kikanushi: huna jambo? Na jibu limekwisha kutayarishwa: "Sijambo," sina jambo. Anayeuliza amemwekea mwenzake jibu mdomoni, na kulitema ni utovu wa adabu. Hata aliyelala chali wodini atakwambia kwanza hajambo, kisha, ukivuta kiti na kukaa, ndipo atakueleza kwamba hajalala siku tatu. Kiganda nacho kina njia hiyo hiyo. Ukiulizwa "Oli otya?" unajibu "Gyendi", maana yake nipo nilipo, ni mzima, hata kama ulipo ni kitandani. Mgeni akija nyumbani mwa watu akaulizia hali, mwenye nyumba hamtwishi mgeni shida zake. Dada alikuwa mgeni wa Bibi, na msimamizi alikuwa mgeni zaidi. Mtu wa umri wa Bibi, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kulalamika juu ya anayekulisha ni aibu, atasema nini mbele ya anayemlisha?

Kwa hiyo fomu haikuuliza kitu. Ilisalimia. Msimamizi alikusanya salamu 11, akazigeuza kuwa namba, na namba hizo zikaingia ofisini zikaitwa ubora.

Sisemi kwamba wazee wetu ni waongo, wala kwamba wasiulizwe. Nasema swali la kuridhika, likitafsiriwa kwa Kiswahili safi cha darasani, linatua mahali ambapo salamu inakaa, na halitoki hapo. Mwenzangu anayedhani kazi yake imekwisha pale alipopata neno "kuridhika" bado hajaanza kazi.

Nije kwenye ule uwekundu.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hushikwa na vidonda vya mgandamizo. Uzito wa mwili unabana ngozi kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama inaanza kufa. Mahali pake panajulikana: visigino, nyonga, na pale juu kidogo ya makalio uti wa mgongo unapoishia. Dalili ya kwanza katika vitabu vingi ni wekundu ambao haugeuki kuwa mweupe ukiubonyeza kwa kidole. Dalili hiyo ni ya kweli, lakini ni ya kweli kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi kama ya Bibi, ambayo ni nyeusi kama yangu, wekundu huo aghalabu hauonekani. Panaweza kuonekana peusi zaidi au pa zambarau, au pasionekane kitu kabisa. Hapo inabidi kushika: kuna joto kuliko pembeni? Kuna ubaridi? Nyama imekuwa ngumu, au imekuwa laini kama embe lililoiva kupita kiasi? Inabidi pia kumwuliza mgonjwa kama panauma au panawasha.

Fomu yetu iliuliza wekundu. Nilitazama, sikuona wekundu, nikaweka alama kwenye "hapana". Mara 11.

Sasa nieleze jambo ambalo bado linanichoma. Kama wiki ya 7 hivi, nikiwa nafunga mkoba nirudi chuoni, Dada aliniambia mlangoni: "Kaka, Mama, kule nyuma yake iko moto." Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa pili, nilisikia kwanza makosa ya ngeli. Kisha nikafikiri kwamba Bibi anaona joto kwa kulala muda mrefu juu ya mpira wa godoro. Jumamosi iliyofuata nilileta feni ndogo ya mezani. Dada aliitazama feni, akanitazama mimi, akasema asante.

Kule nyuma yake iko moto. Katika kurasa zote mbili za dodoso lile hakuna sentensi yenye maarifa mengi kuliko hiyo. Dada alikuwa ameshika ngozi kwa mgongo wa mkono wake na kutaja dalili iliyo sahihi kabisa kwa mwili ule, kwa lugha ambayo mgonjwa na mimi tunaielewa. Haikuandikwa popote. Hakukuwa na kisanduku chake, na aliyepaswa kuitafsiri alikwenda kununua feni.

Ssenga ndiye aliyegundua, tena akiwa Uingereza. Jumatatu moja usiku alipiga simu ya video, akamwona Bibi anakunja uso alipokuwa anawekwa vizuri, akaniambia, "Mwanangu, mgeuze. Usitafute wekundu. Weka mgongo wa mkono pale chini ya kiuno, uniambie." Kulikuwa na joto, na katikati ngozi ilikuwa imeshaanza kufunguka. Juzi yake tu, Jumamosi, nilikuwa nimetia saini kwamba hakuna tatizo la ngozi.

Nilimgeukia Dada kwa hasira. Naandika hili kwa aibu. Aliniacha nimalize, kisha akatoa simu yake na kunionyesha: alikuwa amempigia msimamizi mara tatu tangu mwezi uliopita, akiomba godoro la upepo na mtu wa kumsaidia usiku. Alijibiwa kwamba mambo ya aina hiyo yaandikwe kwenye sehemu ya maoni ya fomu. Fomu ya Kiingereza, iliyojazwa na mimi. Na kwa nini hakunieleza vizuri? Alikuwa ameonywa kazini kwamba malalamiko hayapitii kwa familia ya mteja, yanapitia ofisini. Ile ya mlangoni ilikuwa imemponyoka, au labda aliiponyosha makusudi akitumaini nitaielewa.

Hebu tufanye hesabu ambayo fomu haikufanya. Kanuni ya siku nyingi ya uuguzi inasema mgonjwa wa aina hii ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi. Hiyo ni mara 12 kwa siku, mara 84 kwa wiki. Dada alikuwa mmoja. Ageuze saa 4 usiku, saa 6, saa 8, saa 10, kisha alfajiri aoshe, apike uji, amketishe Bibi wima na kumlisha kijiko kimoja kimoja, maana aliyepata kiharusi akilishwa akiwa amelala chakula kinaweza kwenda mapafuni. Halafu afue. Halafu usiku uingie tena. Hakuna binadamu anayeweza hilo kwa wiki 11. Kati ya zile laki 9 za Ssenga, Dada alipokea laki 3. Fomu iliuliza kama Dada ana heshima. Haikuuliza kama amelala.

Najua baadhi ya wenzangu watajibu kwamba huko Ulaya fomu zinafanya kazi, tatizo ni sisi tunaozijaza vibaya. Nilimuuliza Ssenga. England ina tume ya serikali inayokagua watoa huduma, na maswali yake makuu ni matano: je, huduma ni salama, inaleta matokeo, ina utu, inaitikia mahitaji ya mtu, na inaongozwa vizuri? Wakaguzi wanazungumza na wanaohudumiwa, na jamaa zao, na wafanyakazi, kisha ripoti inachapishwa na kila mtu anaweza kuisoma, ikiwa na daraja lake kuanzia bora sana hadi isiyotosheleza. Kwetu ilikuja karatasi peke yake. Mkaguzi alibaki huko huko. Aliyekuwa anapima ubora wa kampuni ni mfanyakazi wa kampuni, akitumia kalamu ya familia.

Na hata huko si peponi. Kwa miaka mingi Waingereza wamelalamikia ziara za dakika 15, ambazo mhudumu anaingia, anavua koti, na kabla mzee hajamaliza kukaa chooni muda umekwisha. Mwaka 2015 taasisi yao ya kutoa miongozo ya afya, NICE, ilisema ziara za chini ya nusu saa zisifanywe isipokuwa kwa hali maalumu. Ssenga anapoingia nyumba ya mzee anabonyeza simu, anapotoka anabonyeza tena, na ofisi inajua dakika zake zote. "Lakini," aliniambia, "simu haijui kama nilimwosha mtu au nilimlowesha tu." Huo ni ukaguzi wa saa, na hata wao wanajua hautoshi.

Tukitaka kuwa wasomi kidogo, tumkumbuke Avedis Donabedian, daktari ambaye mwaka 1966 aliandika makala ambayo wanaopima huduma za afya bado wanairudia. Aligawanya jambo hili katika sehemu tatu: muundo, yaani watu na vifaa vilivyopo, mchakato, yaani kinachofanywa, na matokeo, yaani kilichompata mgonjwa. Chukueni dodoso la darasani mligawanye hivyo. Unadhifu wa sare, kitambulisho, kufika kwa wakati, vyote ni muundo na kipande kidogo cha mchakato. Matokeo yamepewa swali moja, la ngozi, na swali lenyewe limeandikwa kwa ajili ya ngozi ya mtu mwingine.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hatukuwa na haja ya kuazima. Hapa hapa Kampala, tangu mwaka 1993, Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani, ikiwapa mofini ya kunywa. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, kwa sababu walikubali jambo rahisi: mgonjwa yuko nyumbani, daktari hayuko. Na Muungano wa Tiba Shufaa Afrika, ambao makao yake yako katika mji huu huu, una chombo chake cha kupima huduma kilichotengenezwa kwa mazingira yetu. Kina maswali 10: 7 ya mgonjwa na 3 ya jamaa anayemtunza. Hakimuulizi mgonjwa kama ameridhika na mtu fulani. Kinauliza kuhusu siku 3 zilizopita: maumivu yalikuwa kiasi gani, ulikuwa na wasiwasi kiasi gani, uliweza kuwaambia watu wako unavyojisikia? Naye jamaa anaulizwa amepewa maelezo kiasi gani na ana wasiwasi kiasi gani. Asiyesoma anaweza kujibu kwa mkono. Ngumi iliyofungwa ni sifuri, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika.

Rafiki wa familia yetu, muuguzi aliyesomea tiba shufaa, alikuja kuona kidonda. Hakumsalimu Bibi na kuishia hapo. Alivuta kigoda, akamshika mkono wa kushoto ulio mzima, akamfundisha ngumi na vidole, akamuuliza maumivu ya siku tatu. Bibi, aliyekuwa ametuambia "mzuri" kwa wiki 11, aliinua vidole vinne. Kisha akanitazama mimi, kana kwamba anaomba radhi.

Mkono hauna adabu ya mdomo. Labda hiyo ndiyo sababu.

Sasa nijibu hoja ambazo najua zitaletwa. Ya kwanza, kwamba familia nayo ina lawama. Ndiyo, ina lawama. Fomu ile ilitusaidia sana sisi kutokuwepo. Nilikaa na Bibi saa moja kila Jumamosi, dakika 40 kati ya hizo nikiandika, na nilirudi chuoni moyo ukiwa mweupe kwa sababu karatasi ilisema 5. Ssenga alitumiwa picha ya fomu kwa simu naye akalala vizuri. Kampuni iliuza huduma, lakini pamoja nayo iliuza utulivu wa dhamiri, na hicho ndicho tulichokuwa tunakipima kila wiki.

Ya pili, kwamba nafanya mhudumu mmoja mwema awe kipimo, na kwamba wako wahudumu wanaopiga wazee, wanaoiba, wanaomwacha mgonjwa na nepi iliyolowa hadi jioni. Wapo. Lakini fomu ile isingewakamata hao pia. Mgonjwa anayepigwa atasema hajambo kwa sauti kubwa kuliko Bibi, hasa kama anayempiga amesimama nyuma ya msimamizi. Kama kweli tunawaogopa wahudumu wabaya, mgonjwa aulizwe akiwa peke yake, kwa lugha yake, na mtu ambaye halipwi na kampuni wala hatarajii urithi. Mwili wake utazamwe na kushikwa. Na mhudumu naye aulizwe akiwa peke yake: umelala saa ngapi, umeomba nini ukanyimwa, nani anakupokea zamu? Ni swali la usalama, kwa sababu mwenye usingizi anamwangusha mgonjwa hata kama anampenda.

Ya tatu ni ya gharama, na hiyo sina jibu zuri. Watu wawili wanagharimu kuliko mmoja. Lakini kampuni iliyoniuzia huduma ya saa 24 kwa mtu mmoja ilijua hesabu ya 84 kabla yangu. Ingeniambia tangu siku ya kwanza kwamba usiku hauna mtu, ningelala sebuleni pale kwa Bibi mara mbili kwa wiki, na binamu zangu wangelala siku nyingine. Tulikuwa na watu. Tulichokosa ni kuambiwa ukweli.

Kampuni ilipopelekewa habari za kidonda ilitujibu kwa barua nzuri. Ilisema saini zangu 11 zinathibitisha kwamba huduma ilikuwa ya kiwango cha juu. Aya iliyofuata ikasema kwamba mhudumu ameondolewa kazini kwa uzembe. Nilimsomea Dada barua hiyo kwa Kiswahili. Akauliza, "Sasa kama huduma ilikuwa muzuri, mimi nilikosa nini?" Wiki hiyo hiyo nilipata ujumbe kwenye simu: tafadhali tupe nyota kati ya 1 na 5.

Tulimwajiri Dada wenyewe, kwa fedha ile ile, nyingi ikienda kwake, na binamu wawili na mimi tukagawana usiku. Kidonda kilichukua miezi 7 kufunga. Nyuma ya kalenda ya ukutani tulichora mistari kwa kalamu ya wino: saa ya kugeuzwa na nani kamgeuza, nyuma pako moto au hapana, visigino, amekula akiwa ameketi au la, vidole vingapi leo asubuhi, Dada amelala saa ngapi. Maandishi ni ya Kiswahili cha aina tatu na Kiganda. Haina swali la kuridhika. Bibi mwenyewe anapenda kuitazama, na siku moja aliponiona nimesahau kujaza mstari wangu wa saa 8 usiku alininyooshea kidole.

Nasema haya kwetu, wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu ni sisi tutakaoletewa kazi hizi. Tangu Baraza la Mawaziri lilipokubali, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, tunaambiwa kila siku kwamba ajira zinakuja: kutafsiri fomu, mabango, miongozo, mikataba. Zitakuja. Na tutakaa tena saa nzima tukibishania "mteja" na "mgonjwa", na nitakuwa upande wa yule mwenzetu aliyekataa "mteja". Lakini naomba kabla ya kubishania neno tuulize swali linamuuliza nani, na je, mtu huyo ana njia ya kujibu tofauti na "sijambo"? Kama hana, mtafsiri amrudishie mwenye fomu karatasi yake na kumweleza kwa nini.

Zoezi lile la muhula uliopita sikulikabidhi, na nilipata sifuri ninayostahili. Bado ninalo. Nimetafsiri kurasa zote mbili isipokuwa swali la uwekundu wa ngozi. Hapo nimefuta, nikaandika kwa mkono: "Kule nyuma yake iko moto?" Mhadhiri wetu akitaka kunipigia mstari mwekundu kwenye ngeli, apige.